Ua la Shaba

Nilipokuwa mwaka wa pili niliandika shairi la beti saba lililojaa asumini, waridi na mkadi. Vina vilikaa, mizani ilitimia kumi na sita kila mshororo, na nilipolisoma mbele ya darasa wenzangu walipiga makofi. Baada ya wiki moja mwalimu wetu wa ushairi alinirudishia karatasi. Hakuwa amesahihisha kitu. Chini kabisa alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Wewe ni mtoto wa Likasi. Asumini uliinusa wapi?"

Nilikasirika kwa siku kadhaa. Ni kweli, asumini sikuwa nimeinusa, na mkadi sijauona kwa macho hadi leo. Niliyakuta maua hayo katika mashairi ya pwani tunayosoma hapa kitivoni, nikayachukua kama mtu anayeazima nguo ya harusi. Lakini niliona swali lile lina dharau kidogo kwetu sisi wa Katanga, ambao Kiswahili chetu kila mara huulizwa kilitoka wapi, na sasa hata maua yetu yanadaiwa kitambulisho. Nikajitetea moyoni: je, washairi wa Lamu na Mombasa walinusa kila walichokitaja? Karatasi nikaiingiza ndani ya kamusi, nikaendelea na mengine.

Niliikumbuka mwaka uliofuata, mwezi wa nane, baba alipopatwa na kiharusi.

Baba alikuwa mchora ramani. Kwa miaka ishirini na sita alikaa mbele ya meza iliyoinama, katika ofisi za migodi, akigeuza kuwa wino yale ambayo wanajiolojia waliyaleta kutoka porini kwa penseli: miinuko, mito, mipaka ya miamba. Alikuwa na kalamu za unene mbalimbali ambazo sisi watoto tulikatazwa kuzigusa. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia, kikachukua na maneno. Nyumbani kwetu lugha zilikuwa tatu: Kisanga cha bibi, Kiswahili cha nyumbani na mtaani, Kifaransa cha ofisini. Kifaransa kiliondoka chote, kama mgeni aliyekuwa akisubiri nafasi ya kuaga. Kisanga kilibaki katika salamu. Kiswahili kilirudi kwa kuchechemea, vitenzi kwanza, majina ya vitu baadaye, na majina mengi hayakurudi. Kikombe kilikuwa "ile ya kunywea". Mlango, "ile ya kupitia". Mimi nilikuwa "ile... ile", halafu hunyamaza, machozi yakimlengalenga, mpaka siku moja akapata "mama", jina ambalo baba wengi wa kwetu huwaitia binti zao, na tangu siku hiyo hakulipoteza tena.

Mwanafunzi wa isimu angesema hapa pana data. Nami nililiona hilo, na niliona aibu kwa kuliona. Sikuandika hata mstari mmoja juu ya namna baba alivyosema, mpaka leo ninapoandika aya hii.

Muuguzi aliagiza atembee kila asubuhi kabla jua halijawa kali. Kaka zangu wanafanya kazi Kolwezi, na mama anauza unga sokoni Kikula, huondoka alfajiri. Nikaomba kusimamisha mwaka wa masomo, nikarudi Likasi.

Tulianza kwa mita mia mbili, hadi mwembe wa jirani na kurudi. Kufikia katikati ya mwezi wa tisa tulikuwa tunatoka nje ya mtaa, tunapita mashamba ya mihogo, tunafika penye miti. Anayeijua nchi yetu kwa barabara kuu tu, ile ya kilomita 120 hivi kutoka Lubumbashi na kuendelea Kolwezi, anaijua kwa malori na vumbi. Porini mwezi wa tisa ni mwezi wa ajabu. Mvua ilikoma tangu mwezi wa nne, moto umepita, ardhi ni nyeusi na viatu vinarudi vyeusi. Hata hivyo miyombo haingoji mvua, inachipua majani mapya mekundu, rangi ya shaba iliyosuguliwa. Na katika majivu yale, pasipo jani hata moja, maua yanatoka ardhini: ya njano, ya zambarau, meupe, mafupi yasiyofika kifundo cha mguu. Yanaishi kwa akiba. Mimea hiyo huweka mashina na mizizi yake minene chini, moto unapita juu yake, kisha inatoa ua kwanza na majani baadaye. Wataalamu wa mimea wanaita misitu ya chini ya ardhi. Miaka yangu yote ya Likasi sikuwa nimeinama kuyatazama. Maua niliyoyajua ni ya jakaranda za mjini, zinazochanua karibu na mwezi wa kumi, na jakaranda wenyewe waliletwa kutoka Amerika ya Kusini.

Nilianza kuchora kwa sababu ya kuchoka kusubiri. Baba alikuwa akitembea kidogo, anakaa juu ya jiwe au gogo, anapumua, na mimi sina la kufanya. Siku moja nilikuwa na daftari na kalamu ya wino. Nikachora ua lililokuwa karibu na mguu wangu, petali tano na shina, namna tunavyochora tangu shule ya msingi. Baba akaliangalia daftari, akaliangalia ua, akasema neno ambalo sikulitarajia.

"Bongo."

Kwa Kiswahili cha kwetu bongo ni uongo. Akaweka kidole cha mkono wa kushoto karibu na ua la kweli. "Ngapi?"

Nikahesabu. Zilikuwa sita.

"Angaria muzuri, mama."

Kuanzia siku hiyo ilikuwa hivyo. Nachora, ananiuliza ngapi. Petali ngapi, majani mangapi, yanatoka pamoja pande mbili za shina au moja moja kwa zamu? Hayo ya mwisho hakuyasema kwa maneno, aliyaonyesha kwa vidole viwili. Alitumia kidole gumba kupima urefu. Maneno ya mimea hakuwa nayo hata alipokuwa mzima. Alichokuwa nacho ni tabia ya kazi, kwamba mstari unaochora lazima uwe mahali fulani duniani. Nadhani ni jambo lile lile mwalimu aliloniandikia chini ya shairi, ila kwa baba sikuweza kukasirika.

Nilipokuwa nikichora niliwakumbuka wachoraji wa Le Hangar, ile karakana ambayo Mfaransa Pierre Romain-Desfossés aliifungua Lubumbashi mwaka 1946, mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Waliachwa wachore wanachokijua. Ukiona picha ya Pili Pili Mulongoy, samaki, ndege na majani vimeenea turubai nzima bila pengo, na huwezi kusema ni wapi mapambo yanaanza na pori linaisha. Sikuwa na ndoto ya kufika huko. Michoro yangu ni mibaya, naisema bila unyenyekevu wa uongo. Lakini kuchora vibaya kwa kuhesabu kulinifanyia kitu katika uandishi: nilianza kuona aibu mbele ya neno "ua" lililosimama peke yake.

Mvua za kwanza zilitushinda kwa siku chache, halafu tukazoea kutoka baada yake. Mwezi wa kumi na mbili kulikuwa na lile ua jekundu na njano ambalo petali zake zimepinduka juu kama ndimi za moto, mizizi yake sumu, mmea wake ukijishika kwa ncha za majani. Ndilo ua la taifa la Zimbabwe, nasi tunalo hapa hapa kandokando ya mihogo, hakuna anayelitazama. Baba alilipenda sana. Mimi lilinichosha kulichora.

Pale porini tulikutana na akina mama wanaotafuta uyoga, na wengine wanaochimba chikanda. Kwa wasomaji wasiotoka kwetu: chikanda ni viazi vidogo vya okidi za porini, vinatwangwa na kupikwa na karanga mpaka vishikane kama mkate, na ni vitamu. Mama hawa walijua okidi ipi ni ipi hata isipokuwa na ua. Nikawauliza majina ya maua mengine. Ya kuliwa yalikuwa na majina, ya dawa yalikuwa na majina. Nilipoonyesha mengine, mmoja alicheka: "Ile ni mayani tu." Majani tu. Nilifungua kamusi ya Kiswahili sanifu na sikupata zaidi. Basi nikawa na daftari lenye michoro arobaini, ambayo mitano ina jina kwa lugha ninayoweza kumsomea mama yangu, iliyobaki ina majina ya Kilatini niliyoyapata baadaye kwa msaada wa mwanafunzi wa kilimo, au haina kabisa.

Nitaje hapa jambo la mwana wa Likasi ambaye sote tunamsoma. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa hapa mwaka 1941, mji ukiitwa Jadotville, akafundisha Lubumbashi kabla ya kwenda Marekani, ambako alifariki mwaka 2025. Kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1994 kina jina dogo linalosema ni mchoro wa bustani ya Kiafrika kwa namna ya Wabenedikto. Nilikifungua kwa haraka nikitafuta maua ya utoto wake, kwa tamaa ya kupata angalau moja lenye jina. Bustani ile ni ya kujilima mwenyewe kwa nidhamu na vitabu. Haikunisaidia kwa daftari langu, ingawa nilikisoma hadi mwisho.

Mwezi wa pili baba alikuwa na nguvu ya kutosha kufika kwenye kilima. Sitakitaja jina, na sababu itaonekana. Ni kilima kidogo, na ukikiona kwa mbali utafikiri mtu amekinyoa: pande zote miyombo, juu yake nyasi fupi tu na mawe. Wanaosoma sayansi wanajua. Udongo wa vilima hivi una shaba na kobalti nyingi kiasi kwamba miti haiwezi kuota. Wazee wetu waliochimba kwa karne nyingi kabla ya wazungu, waliotengeneza ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha, walijua kusoma vilima vilivyo uchi. Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1892, aliongozwa kwenye mashimo ambayo tayari yalikuwa ya watu. Katanga ina zaidi ya vilima mia moja vya namna hii, vimetawanyika kutoka upande wa Lubumbashi hadi Kolwezi, kama visiwa katika bahari ya miti.

Na kama visiwa, vina wenyeji wao. Mimea mingi inayoota juu yake inavumilia tu, lakini spishi zipatazo thelathini haziishi mahali pengine popote duniani. Mbelgiji mwingine, Paul Duvigneaud, alizichunguza katika miaka ya 1950, na majina ya spishi hizo ni mazuri kwa mtu wa lugha. *Crotalaria cobalticola*, ua la njano la jamii ya kunde, maana yake ni mkaaji wa kobalti. *Acalypha cupricola*, mkaaji wa shaba. Kuna hata gladioli iliyopewa jina la Moïse Tshombe. Kuna mmea mdogo, *Aeolanthus biformifolius*, ambao matokeo ya mwaka 1978 yalisema una shaba zaidi ya gramu 10 katika kila kilo moja ya mmea mkavu. Watafiti wa baadaye wakasema labda sehemu kubwa ilikuwa vumbi lililoshikamana na majani. Sisi watu wa Likasi tunaelewa tatizo hilo la vipimo. Tupimeni baada ya kutuosha.

Lakini ua lenyewe, lile wanaloliita ua la shaba, ni *Haumaniastrum katangense*. Ni wa ukoo mmoja na mrehani. Mmea wa mwaka mmoja, unafika magotini ukiwa na bahati, majani membamba yanayotoka mawili mawili yakikabiliana, na juu vichwa vidogo vya rangi iliyo kati ya weupe na zambarau. Huchanua mvua zinapokaribia kwisha. Si ua la kumpa mchumba. Linapenda udongo wa shaba hasa uliochimbuliwa au kumwagwa, na kwa sababu hiyo wanaakiolojia walilitumia kupata mahali pa tanuru za kale ambazo macho hayakuziona tena: walipoona ua, walichimba, wakakuta mabaki ya uyeyushaji.

Hayo yote niliyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua tu kwamba baba alisimama katikati ya kilima, akapumua, akainua fimbo yake kuonyesha kundi la vichwa vya zambarau, na uso wake ukawa wa mtu wa ofisini.

"Ile ya kuonyesha," alisema.

Nilifikiri ni kama kikombe na mlango, jina limepotea na ameweka kazi ya kitu mahali pa jina. Nikangoja jina. Hakuwa na lingine. Akaonyesha ua, akaonyesha chini, akapiga ardhi kwa fimbo. "Ile ya kuonyesha." Kumbe wanajiolojia walikuwa wakirudi ofisini na habari za ua hili, na yeye alikuwa ameweka alama zake kwenye ramani. Mwaka mzima nilikuwa nahangaika na kamusi, na jina zuri kuliko yote niliyoyapata lilitoka kwa mtu ambaye ugonjwa umemnyang'anya majina. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona ni jambo la ajabu kumwambia mgonjwa.

Nilichora ua hilo kwa wiki mbili. Ukurasa baada ya ukurasa, kichwa, jani, mmea mzima, kilima kizima na mstari wa miyombo nyuma yake, kwa sababu baba hakuridhika bila kuonyesha mahali. Nilianza pia shairi. Nilijaribu kuingiza jina la Kilatini katika mshororo: linakula mizani kumi na moja kati ya kumi na sita, linaacha nafasi ya kusema limechanua tu. Nikaandika "ua la shaba", nikaandika "la kuonyesha". Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho asumini haiwezi kukifanya. Ushairi wetu umezoea ua linaloficha: mpenzi anafichwa ndani ya waridi, msomaji anafumbua. Hili langu linafichua. Linasimama juu ya shaba na kusema ipo hapa, na anayelisikia anakuja na sururu.

Hilo la mwisho nililiandika kama sanaa tu, siku chache kabla.

Mtoto wa baba mdogo hutujia Jumapili. Ni mdogo wangu kwa miaka mitatu, ana mke na mtoto, na anachimba kwa mikono, yeye na wenzake sita, popote wanapopata nafasi. Ni kazi ya maelfu ya vijana wa Likasi na si jambo la kuulizana mezani. Tulikula bukari na sombe. Baada ya chakula alichukua daftari langu akawa analipekua. Alicheka michoro ya kwanza. Alipofika kwenye ile ya kilima alinyamaza, akageuza kurasa mbili mbele, akarudi.

"Yaya, hii uliona wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa furaha, na hata njia ya kupita nilimwonyesha kwenye mchoro, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumbani kuuliza kitu juu ya daftari langu. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alisema "Hapana", mara mbili. Neno hilo alilitumia kwa mambo mengi siku zile, nami nikamletea maji.

Baada ya wiki tatu tulipanda kilima tukakuta mashimo. Si mashine, ni mashimo ya mikono, mapana kama mlango, na kando yake udongo uliorundikwa, mawe ya kijani yakiwa yametengwa. Hapakuwa na mtu. Walifanya kazi usiku au walitusikia. Baba alisimama pale pale aliposimama siku ya kwanza. Nilikuwa naogopa atakachosema.

"Ngapi?"

Tulihesabu pamoja. Kumi na moja.

Nilimwuliza mdogo wangu Jumapili iliyofuata, nje, mama asisikie. Alisema kilima kile walikijua siku nyingi, kila mtu anakijua, na wazungu walishakiweka kwenye ramani kabla baba hajazaliwa. Huenda ni kweli. Ninapowaza kwa utulivu naona ni kweli kwa sehemu kubwa: kilima chenye shaba karibu na Likasi hakiwezi kuwa siri ya msichana mmoja na daftari. Lakini aliposema hivyo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwezi wa sita dawa za baba za shinikizo la damu ziliisha. Unga wa mama ulikuwa umelowa katika mvua za mwisho na faida ya miezi miwili ilikwenda nao. Kaka wa Kolwezi hawakuwa wamelipwa. Mdogo wangu alikuja siku ya katikati ya wiki, akaweka mezani fungu la faranga lililofungwa kwa mpira, akasema ni za dawa za mzee. Mama alimbariki. Mimi nilizihesabu, nikaenda kwenye duka la dawa, nikarudi na vidonge vya miezi mitatu. Njiani sikufikiri juu ya maua hata kidogo, na hilo nimelifikiri sana tangu siku hiyo. Wasomaji wa jarida hili wanapenda, kama mimi, makala yanayolia kwa ajili ya mimea na vilima. Naona ni haki kuandika pia kwamba baba yangu alimeza kilima kile, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, na kwamba leo anatembea.

Dunia inaijua nchi yetu kwa kilichotoka chini yake. Shaba, kobalti, na urani ya Shinkolobwe, jirani yetu, iliyokwenda Marekani na kuishia katika bomu la Hiroshima. Sijui nani angekuja Likasi kwa ajili ya kilichoota juu. Na ua hili langu, ambalo nilidhani nimepata ndani yake kitu kisichouzwa, kazi yake yote ni kuelekeza chini.

Nilirudi kitivoni mwezi wa kumi. Shairi sikulimaliza. Nilimpelekea mwalimu wa ushairi daftari badala yake, nikamweleza habari ya asumini na ya kilima, ila ya mdogo wangu sikumweleza. Alikaa nalo siku tano. Aliporudisha hakuwa ameandika kitu, lakini pale penye mchoro wa kilima alikuwa ameweka kipande cha karatasi kama alama, na aliniuliza kwa mdomo kama naweza kuandika kwa nathari, kwa kuwa anaona vina vingenipa mahali pa kujificha. Ndivyo nilivyoanza kuandika haya.

Likizo ya Pasaka mwaka huu nilikwenda nyumbani. Siku hizi baba hutembea na mtoto wa jirani, mvulana wa miaka kumi ambaye humlipisha kwa hadithi, na baba humlipa kwa maneno machache aliyonayo, naye haonekani kudhulumiwa. Asubuhi ya pili nilichukua zamu ya mvulana. Tulipanda polepole. Mashimo yalikuwa yameachwa, mengine yameporomoka na kujaa maji ya mvua. Sehemu zilizochimbuliwa, nyasi zile fupi hazikurudi, wala yale maua ya mizizi minene ambayo mwaka uliopita nilikuwa nimeyachora upande wa mashariki. Nilitafuta nikiwa na daftari mkononi, nikalinganisha na mstari wa miti, sikupata hata moja. Lakini juu ya marundo ya udongo, juu ya kila rundo, ua la shaba lilikuwa limeota kwa wingi ambao sikuwa nimeuona kabla, zambarau tupu, magotini.

Sikujua nihisi nini. Nilikaa, nikatoa kalamu. Baba akanyoosha mkono wa kushoto, nikafikiri anataka kusimama, kumbe anataka kalamu. Nikampa, nikamshikia daftari lisiteleze. Alichukua muda mrefu. Mstari ulitetemeka na shina likaenda upande, lakini majani aliyatoa mawili mawili yakikabiliana, kama yalivyo. Akaniangalia.

Nilihesabu kwenye karatasi, nikahesabu kwenye mmea aliouchora.

"Aina vile, baba," nilimwambia. "Hapa umeweka manane. Iko kumi."

Akainama, akahesabu mwenyewe kwa Kisanga, kwa sauti, moja hadi kumi bila kukosea. Kisha akachukua tena kalamu, akaongeza jozi moja.